Jedwali Halina Msimulizi? Kusoma Takwimu za Mchezo Kama Matini

Idd iliyopita nilikuwa nyumbani Tibirinzi. Alasiri ya Idd mosi watoto walikuwa wameshakwenda na nguo zao mpya kwenye kiwanja cha kufurahishia watoto, na barazani tukabaki wazee pamoja na sisi ambao si wazee wala si watoto. Mkononi nilikuwa na karatasi, nakala niliyotoka nayo chuoni nikidhani nitapata wasaa wa kuisoma: majina ya watu yamepangwa moja chini ya jingine, na mbele ya kila jina tarakimu tatu nne. Mzee mmoja akanyoosha mkono, nikampa. Akaisogeza mbali na macho, akaikaribisha, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu. Halafu akauliza, "Mwanangu, hizi hesabu za duka gani?"

Tulicheka sote, na mie nilicheka zaidi kwa sababu sikuwa na jawabu la haraka.

Karatasi ile haikuwa ya duka. Ilikuwa jedwali la mchezo mmoja wa besiboli ya kulipwa, uliochezwa New York tarehe 8 Oktoba 1956 baina ya Yankees wa New York na Dodgers wa Brooklyn, mchezo wa tano katika fainali yao ya mwaka ule. Msomaji ataniuliza: fasihi na besiboli wapi na wapi? Tena anayeuliza akiwa ni mtu wa Pemba ataongeza na kicheko. Nakubali. Lakini chanzo cha yote ni mabishano ya semina. Tulikuwa tunajadili riwaya ya kihistoria, ikaja ile hoja tunayoijua: kwamba riwaya hupamba, wimbo hutia chumvi, mzee husahau, lakini takwimu hazina mwandishi na kwa hiyo hazisemi uongo. Wengi tuliitikia kwa vichwa. Mhadhiri alinyamaza, na mhadhiri akinyamaza sisi huandika daftarini kwamba amekubali.

Makala haya yanaipinga kauli hiyo. Jedwali la mchezo ni matini kama matini nyingine. Lina mtunzi, lina fani, lina kanuni zinazoamua kipi kisemwe na kipi kifichwe, na lina msimulizi. Linachotofautiana na riwaya ni kwamba msimulizi wake amejificha vizuri zaidi. Nitaongeza na jambo ambalo sikulitarajia nilipoanza: ipo haki ambayo jedwali huitenda, nasi watu wa masimulizi ya mdomo mara nyingi hatuitendi.

Umbo lenyewe lilitoka wapi

Umbo hili halikushuka kutoka mbinguni. Anayetajwa zaidi kuwa mtengenezaji wake ni Henry Chadwick, aliyezaliwa Exeter, Uingereza, mwaka 1824, akahamia Marekani na wazazi wake 1837 akiwa bado mtoto. Alikuwa mwandishi wa habari za kriketi kabla ya kuuhamia mchezo wa besiboli, na katikati ya karne ya 19 alilijenga jedwali la besiboli kwa kufuata daftari la alama za kriketi. Mpaka leo herufi K huandikwa pale mpigaji anapoondolewa kwa kukosa mara tatu; inasemwa kuwa Chadwick aliichukua kwenye herufi ya mwisho ya neno la Kiingereza "struck". Tunaona basi kwamba hata alama moja tu ina mtu nyuma yake, mwenye lugha yake, kazi yake na safu yake gazetini yenye upana uliopimwa.

Na sisi tusijifanye wageni wa majedwali. Wakulima na mabaharia wa mwambao huu wamehesabu mwaka kwa miongo tangu siku ya Nairuzi, kumi kwa kumi, na vitabu vya falaki vimejaa visanduku. Mfano ulio karibu zaidi kwa Mpemba ni daftari la msimu wa karafuu. Limeandikwa jina, limeandikwa pishi. Fulani pishi nane, fulani pishi tano. Halisemi mkarafuu ulikuwa na urefu gani, wala kwamba yule wa pishi tano alikatikiwa na tawi saa nne asubuhi akashushwa mabegani. Pishi tano ni kweli tupu. Hakuna uongo hapo. Lakini atakayesoma daftari lile miaka hamsini baadaye ataona mvivu.

Mzee aliyeuliza habari za duka hakuwa mbali na shabaha. Robert Coover, mwandishi wa Marekani, alitoa riwaya mwaka 1968 iitwayo The Universal Baseball Association, Inc., J. Henry Waugh, Prop. Mhusika mkuu ni mhasibu, mtu wa vitabu vya hesabu, anayebuni ligi nzima ya besiboli mezani pake kwa kurusha dadu na kuandika matokeo. Tarakimu zinamzalia watu, watu wanakuwa na maisha, mwisho hawezi tena kutoka. Coover aliona jambo ambalo semina yetu haikuliona: jedwali linaweza kuwa kamili, limejumlishwa sawasawa chini na pembeni, na asiwepo hata mtu mmoja aliyewahi kushika mpira.

Mizani inapovunjika

Sasa tuisome karatasi yenyewe. Kwa asiyeujua mchezo: mrushaji hurusha mpira, mpigaji hujaribu kuupiga kwa gongo, na akifanikiwa hukimbia kupitia vituo viitwavyo besi. Akivimaliza vyote vinne timu yake huandikiwa mzunguko mmoja. Timu ina zamu tisa, na zamu hufungwa wapigaji watatu wakishaondolewa. Tisa mara tatu ni ishirini na saba.

Siku ile Don Larsen wa Yankees aliwaondoa wapigaji 27 mfululizo. Hakuna hata mmoja aliyefika besi ya kwanza. Alirusha mipira 97 tu, mbele ya watazamaji 64,519, na Yankees walishinda 2 kwa 0. Mpaka leo hakuna mrushaji mwingine aliyekamilisha mchezo wa namna hiyo katika fainali zile.

Tazama upande wa Dodgers. Safu ya kwanza ni mara ambazo mpigaji alisimama kupiga, ya pili mizunguko, ya tatu mapigo yaliyofaulu. Gilliam: 3, 0, 0. Reese: 3, 0, 0. Snider: 3, 0, 0. Robinson, Hodges, Amoros, Furillo, Campanella: 3, 0, 0 kila mmoja. Mistari minane ina mizani ileile na kina kilekile. Anayejua kusoma shairi atausikia mdundo huu kabla hajajua maana yake. Ni kama mtu anayegonga mlango kwa adabu na hakuna anayemfungulia.

Kisha mistari miwili ya mwisho inavunja mizani. Maglie: 2, 0, 0. Mitchell: 1, 0, 0. Hapa ndipo pana hadithi. Sal Maglie alikuwa mrushaji wa Dodgers, na yeye mwenyewe siku ile alirusha vizuri mno: aliwaondoa Yankees 11 wa mwanzo kabla Mickey Mantle hajaupiga mpira ukavuka ua katika zamu ya nne. Alistahili kupiga mara ya tatu kama wenzake. Ilipofika zamu ya tisa, Dodgers wamebakiwa na mtu mmoja tu wa kuwaokoa, kocha akamweka kando Maglie akamwingiza Dale Mitchell badala yake. Mbili na moja ni tatu. Yaani jedwali limetuonyesha, kwa kuigawa tatu vipande viwili, dakika ile ya mwisho ambapo timu nzima imekata tamaa na bado inajaribu. Sijui mwandishi wa tamthilia ambaye angeifanya kwa maneno machache zaidi. Hii ni taharuki, jamani, na imeandikwa kwa tarakimu mbili.

Kwa hiyo fani ipo. Wanaosema takwimu ni mifupa mitupu hawajazisoma.

Lakini hebu sasa tuangalie kilichofichwa. Zamu ya pili Jackie Robinson aliupiga mpira kwa nguvu ukamgonga Andy Carey, mlinzi wa besi ya tatu, ukamponyoka. Kwa bahati ulidunda upande alikosimama Gil McDougald, naye akaudaka na kuutupa besi ya kwanza, Robinson akapitwa kidogo tu. Daftari la alama linaweza kuandika 5-6-3, namba za walinzi watatu waliougusa mpira. Jedwali la gazetini haliandiki hata hilo: Robinson, sifuri. Zamu ya tano Gil Hodges aliupiga mbali, na Mantle akakimbia mbio ndefu akaudaka kwa mkono ulionyooshwa. Nalo ni sifuri. Sifuri ya Hodges iliyokaribia kuvunja historia na sifuri ya mtu aliyekosa mipira mitatu akarudi kukaa zimeandikwa kwa wino uleule, kwa ukubwa uleule. Msomaji hana namna ya kuzitofautisha.

Na Larsen mwenyewe? Miaka miwili kabla, mwaka 1954, akichezea Baltimore, alishinda michezo 3 akashindwa 21. Katika fainali hiyohiyo ya 1956, mchezo wa pili, alitolewa zamu ya pili tu kwa kurusha vibaya. Ukiyajua hayo, karatasi yetu inakuwa hadithi ya mtu asiyetegemewa. Usipoyajua, ni hadithi ya bingwa. Jedwali halina jana. Kila mchezaji anazaliwa mstari wa kwanza na anakufa mstari wa mwisho, kama wahusika wa ngano ambao hatuulizi baba yao ni nani.

Tufike kwenye mpira wa mwisho, maana hapo ndipo msimulizi alipochomoza kichwa. Mitchell hakuupiga. Aliuacha upite, akiamini umekwenda nje. Mwamuzi Babe Pinelli, aliyekuwa anasimama nyuma ya mdakaji kwa mara ya mwisho katika kazi yake, akatangaza kuwa umepita ndani. Mitchell aligeuka kulalamika, lakini hakukuwa na wa kumsikiliza: mdakaji Yogi Berra alikuwa ameshamrukia Larsen kifuani. Mitchell alishikilia maisha yake yote kwamba mpira ule ulikuwa nje. Katika daftari la alama mpira huo ni herufi moja, K iliyogeuzwa nyuma, ishara ya mpigaji aliyeondolewa bila kuzungusha gongo.

Herufi ile imetamkwa na nani? Si na mpira. Imetamkwa na mtu aliyeona kwa jicho lake moja, sehemu ndogo ya nukta, akiwa na uchovu wa miaka mingi. Akitamka, mwandishi wa alama anaandika. Akishaandika, inakuwa kweli. Kwenye riwaya tungemwita msimulizi na tungejadili kurasa kumi kama anaaminika. Kwenye jedwali tunamwita ukweli.

Karatasi barazani

Nilifanya jaribio moja ambalo halimo katika vitabu vya nadharia. Niliisoma karatasi ile kwa sauti pale barazani, mstari kwa mstari, nikieleza kidogo kidogo. Mulokozi, katika makala yake ya 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alisisitiza kwamba utanzu hauelezeki bila muktadha wake, pamoja na fanani na hadhira yake. Nikasema basi tuone jedwali likipewa hadhira litakuwa nini.

Halikudumu hata mistari mitano. Nilipofika "sifuri" ya tatu wakaanza kuitikia pamoja nami, "sifuri!", kama kiitikio. Kijana mmoja akauliza mrushaji alikuwa mrefu au mfupi. Mwingine akataka kujua kama waliolipwa walikuwa wote au yule mshindi tu. Habari ya Mitchell iligawa baraza pande mbili. Upande mmoja ukasema mwamuzi alitaka kwenda zake nyumbani. Mzee mwenye karatasi akauliza jambo ambalo mie sikuwa nimeliwaza: "Na hawa waliokuwa wanapiga sifuri, wakijua kuwa wanaandikwa?"

Wakijua, mzee. Ndiyo maana wanacheza namna ile.

Hapo nikaiona tofauti. Tunao mchezo wetu wa ng'ombe, Chwale, Kengeja na kwengineko, ambao wengine husema asili yake ni Wareno. Ng'ombe hauawi, mtu humkabili na kumkwepa, kina mama huimba, na jioni watu hurudi makwao. Nani ameshinda? Mgeni huuliza hivyo na watu humtazama. Hakuna safu ya ushindi. Kinachobaki ni hadithi ya namna fulani alivyoruka na namna fulani alivyokimbia akaacha kanzu, na hadithi hiyo husimuliwa kwa miaka. Huu ni uhifadhi pia, tena una yale yote ambayo karatasi ya 1956 haina: mwendo, kicheko, woga.

Mpaka hapa ningeweza kuishia, nikasifu masimulizi yetu nikakandia takwimu za wageni, na makala yangependwa. Makala ya namna hiyo tumeshayaandika sana humu. Lakini nilipokuwa barazani niliwasikiliza wazee wakirejea fainali ya Chalenji ya 1995 kule Uganda, Zanzibar ilipoifunga Uganda 1 kwa 0 ikatwaa kombe. Wengi waliipata kwa redio. Bao lile nimeshalisikia likifungwa kwa namna nne tofauti, na kila namna ni nzuri kuliko iliyopita. Nikauliza: na walinzi wetu wa siku ile, ni nani? Likatajwa jina moja, likapingwa, likatajwa jingine, kikapita kimya. Masimulizi yetu yamemweka mfungaji kitini na kusahau wengine waliokimbia jasho likiwatoka kwa dakika tisini. Kumbukumbu ya mdomo hupenda mashujaa. Wa kawaida haiwahitaji, kwa hiyo huwaacha.

Jedwali haliwezi kumwacha. Kila aliyeingia uwanjani lazima awe na mstari, hata akiwa na sifuri tupu. Furillo ana mstari wenye upana sawa na wa Mantle. Hiyo ndiyo haki niliyoitaja mwanzoni.

Mwandishi mwenye mstari mmoja

Kwa Afrika Mashariki tunao mfano ambao ungepaswa kufundishwa katika idara zetu, na sijausikia ukitajwa darasani hata mara moja. Ni jedwali la kriketi, ndugu mkubwa wa lile la Chadwick. Tarehe 7 Juni 1975, Edgbaston, Birmingham, timu ya Afrika Mashariki ilicheza na New Zealand katika Kombe la Dunia la kwanza la kriketi. New Zealand walipata 309 kwa kupoteza wapigaji 5, Glenn Turner peke yake akiwa na 171 bila kuondolewa. Afrika Mashariki ikajibu kwa 128, wapigaji 8 wakiwa wameondolewa, ova 60 zikamalizika. Tukashindwa kwa mizunguko 181. Frasat Ali ndiye aliyesimama zaidi, akapata 45.

Ukishuka kwenye orodha ya warushaji utakuta: Nagenda, 9, 1, 50, 1. Ova tisa, moja kati yake bila kutoa mzunguko, mizunguko hamsini iliyotoka mikononi mwake, mpigaji mmoja aliyemwondoa.

Huyu ni John Nagenda. Ndiyo, yuleyule. Mwandishi wa Uganda aliyezaliwa 1938, wa kizazi cha Makerere kilichokuwa kikiandika katika Penpoint, jarida la idara ya Kiingereza lililoanza 1958, jarida la wanafunzi kama hili letu. Hadithi yake imo katika mkusanyo wa Origin East Africa wa 1965, na riwaya yake The Seasons of Thomas Tebo ilitoka 1986. Baadaye aliandika safu gazetini na akawa mshauri wa Rais. Alifariki Machi 2023. Mtu wa maneno huyu alikuwa na umri wa miaka 37 alipopewa mpira Edgbaston, na huo ndio mchezo wake pekee katika mashindano yale.

Msome katika jedwali. Ova tisa zinasema kwamba nahodha hakumpa zote kumi na mbili zilizoruhusiwa. Hamsini inasema alipigwa, ingawa hakupigwa kuliko wenzake. Zulfiqar Ali alitoa 71. Ile moja ya mwisho ni Ken Wadsworth, aliyegongewa vijiti vyake akiwa na 10. Basi. Hakuna hapo mwandishi wa hadithi, wala Makerere, wala Uganda ya mwaka 1975 aliyotoka nayo, wala hakuna anayejua alikuwa akiwaza nini alipokuwa akimtazama Turner akipiga. Mhakiki wa wasifu ataiona karatasi hii maskini. Mie naiona kinyume chake. Wahusika wa hadithi zake aliwachagua yeye na maneno yao akayachagua yeye. Humu ndimo pekee ninamomjua Nagenda ambaye hakujitunga mwenyewe. Amewekwa katikati ya wenzake kumi, kwa herufi zilezile, hana kivumishi hata kimoja cha kumtetea, na ile moja yake inang'aa.

Wanaokosa mstari

Ni haki basi, lakini kwa walioingia tu. Rudi kwenye karatasi ya 1956. Robinson, Campanella na Gilliam, watatu katika ile mistari minane ya sifuri, wote walipitia ligi za watu weusi kabla ya kufika Brooklyn. Kabla ya Aprili 1947, Robinson alipoanza kuchezea Dodgers, majina yao yasingeweza kuonekana kwenye ukurasa ule kwa sifuri wala kwa mia. Josh Gibson, mdakaji ambaye wengi waliomwona walisema hapakuwa na mpigaji kama yeye, alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu kasoro kabla ya siku hiyo.

Kwa miaka zaidi ya sabini vitabu vya takwimu vilisema mpigaji bora wa zama zote ni Ty Cobb, wastani 0.367. Takwimu, tuliambiwa, hazina mwandishi. Mwezi Mei 2024 wenye ligi kuu ya Marekani waliziingiza rasmi hesabu za ligi za watu weusi za 1920 mpaka 1948, wachezaji zaidi ya 2,300, na asubuhi moja Gibson akawa juu ya Cobb kwa 0.372. Hakuna mpira uliopigwa upya. Marehemu hawakufufuka. Kilichobadilika ni uamuzi wa mtu kuhusu nani astahili mstari, na uamuzi huo ulikuwemo ndani ya jedwali tangu siku ya kwanza, haukuandikwa popote. Sehemu ya michezo yao haikupata kuandikwa au karatasi zake zilipotea, na hapo hakuna kamati itakayosaidia.

Natamani tuyatazame na yetu kwa jicho hilo. Zanzibar iliingia Kombe la Gossage mwaka 1949, baada ya Kenya na Uganda walioanza 1926 na Tanganyika iliyoingia 1945. Orodha zinazochapishwa za mashindano hayo mara nyingi hutoa mwaka, nchi na mabao. Nchi imepata mstari, watu kumi na mmoja hawakupata. Nani alikuwa akiandika, na kwa nini aliona inatosha? Hilo ni swali la kihakiki kabisa, halihitaji kusubiri idara ya historia, na wapo wazee ambao wanaweza kuulizwa majina kabla haijawa tabu.

Siku ya pili ya Idd nilirudi barazani na karatasi ya Edgbaston. Mzee wa miwani aliipokea kama mtu mwenye uzoefu. Nikamwonyesha jina la Nagenda kwenye orodha ya wapigaji, akiwa wa mwisho kabisa, na mbele yake maneno badala ya tarakimu. Akaniuliza yanasemaje.

"Yanasema hakupiga."

"Hakupiga kwa nini, alikataa?"

Nikamweleza kuwa ova sitini zilimalizika wakati yeye bado anangoja, na mbele yake wenzake wawili walikuwa hawajaondolewa.

"Basi hawakuandika vizuri," akasema. "Andika, zamu haikumfikia. Ukiandika hakupiga, mtu atadhani kosa lake."

Nilikuwa na penseli. Nakala niliyorudi nayo chuoni ina marekebisho hayo pembeni.